Nyumba I Tupu

Karatasi aliileta Skanda, kijana wa wakala,
imekunjwa mara nne, ina duara la kikombe cha chai.
"Khuleta, wewe waijua lugha ya yule mama,
ile uliyoiokota kliniki kwa madaktari wao.
Zigeuze hizi sifa. Afika Jumatano."

Sifa kumi na moja, za Kiingereza,
za nyumba ya Mkomani
niliyozaliwa katika chumba chake cha ndani kabisa.

Nilianza na nyepesi.
Nyeupe. Casa blanca.
Nikatabasamu peke yangu:
Mwingereza hutanguliza rangi,
kama mtu abishaye hodi kwa kanzu
uso akauleta baadaye.
Sisi na Wahispania twaanza na mwenyewe,
nyumba kwanza, weupe utafuata,
na ukifuata huvaa nguo za mwenyeji.
Kwao nyumba ni mwanamke,
kila sifa lazima ishonewe pindo la a.
Hilo bibi yangu angelicheka.
Nyumba ya Lamu imekuwa mwanamume lini?
Huyu alijengewa na babake akiolewa,
akamwachia mama, na mama
akatuachia, mimi na Famau na deni la Famau.

Yenye hewa: ventilada.
Neno lina sauti ya mashine. Nikaliacha lilivyo.

Kisha lile neno lao la vitu vizee vipendezavyo,
wanalolisema wameinamisha shingo,
kwa kikombe kilichopasuka, kwa mzee mwenye kofia.
Kamusi ilinipa pintoresca, yaani yafaa kuchorwa.
Nikavitazama zidaka vya ukutani.
Cha tatu kutoka chini, nyuma ya bakuli,
mama alificha fedha za skuli,
na meno ya Famau ya utotoni, katika kitambaa.
Nani atachora hayo?
Nikaandika antigua. Ya kale. Basi.

Tulivu: tranquila.
Punda hulia saa tisa za usiku,
watoto wa chuoni hukariri alfajiri,
jirani hugombana na paka wake kama mtu na mkewe.
Lakini ni kweli, tulivu,
tangu mama aache kukohoa.
Hilo sikuliandika.

La mwisho lilikuwa tupu.

Mwingereza ana kiungo kimoja tu,
hukitia popote, kama chumvi.
Mhispania hukusimamisha mlangoni, akuulize:
imeumbwa hivyo, au imekuwa hivyo?
Daktari Itziar alinifunza wodini, kitanda kwa kitanda.
Kitu cha tangu tumboni, sema es.
Kilichomjia, na huenda kikampita, sema está.
Na maiti? nikauliza siku moja.
Está, akasema. Maiti pia.
Akaenda kunawa mikono. Sikumuuliza kwa nini.

Mbona na sisi tunacho?
Mlango u wazi. Mtoto yu macho.
Hakuna asemaye mtoto ni macho.
Wazee walikitumia hicho kidogo, u, yu, i,
herufi moja au mbili,
kwa mambo ambayo Mungu hajayapigia muhuri.

Kalamu ilikaa hewani, adhana ikapita.
Está vacía. Nyumba i tupu.
Skanda aliichukua karatasi
akahesabu mistari, kumi na moja, akalipa.

Jumatano yule mama alisimama dakani,
miwani kwenye ncha ya pua,
kidole chake kikishuka sifa baada ya sifa,
haraka, kama mtu asomaye bei.
Kwenye mstari wa mwisho kikasita.
Akaitazama karatasi, akanitazama mimi,
akavua viatu bila kuambiwa.

"Kwani," akaniuliza, kwa lugha yake,
"wamekwenda wapi?"

Nikampandisha darini, nikamwonyesha jiko kwanza.